Sababu ya Kuzama kwa Namba Kumi na Nne

Shangazi yangu alipostaafu, wenzake ofisini walimpa saa ya ukutani na kumwambia sasa apumzike. Saa aliitundika. Kupumzika alikujaribu siku tatu, akaona hakumfai, akaenda kununua daftari kubwa la jalada gumu na kuanza kutafuta boti.

Zilikuwa boti kumi na tisa, zote za mbao, zote za bandari. Kulikuwa na motaboti za kupeleka marubani melini, boti za kuvuta matishari ya mizigo, na moja ya zimamoto ambayo katika maisha yake yote haikuzima hata jiko. Bandari iliziondoa moja moja zilipoanza kuja za chuma na za plastiki, na barua ya kuondoa kila moja ilichapwa na shangazi, maana ndiye aliyekuwa mpiga chapa kwa miaka thelathini na nne. Alisema kwamba kwa kuwa aliziondoa kwa vidole vyake mwenyewe, hana budi kujua zilikwenda wapi. Hiyo ndiyo sababu aliyowapa watu.

Sababu yenyewe ilikuwa baba yangu.

Baba ni kaka yake, kampita miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Alikuwa fundi kalafati, yaani kazi yake ilikuwa kushindilia pamba yenye mafuta katika maungio ya mbao ili boti isiingize maji. Shangazi alipomaliza mafunzo ya kupiga chapa, baba ndiye aliyemwombea kazi katika ofisi ndogo ya cherezo, pale boti zinapovutwa nchi kavu kutengenezwa. Wiki yake ya pili kazini, boti namba kumi na nne, ambayo baba alikuwa ameikalafati kwa mkono wake, ilishushwa majini asubuhi. Ikampakia mkuu wa bandari na wageni wake wanne, ikafika katikati ya mkondo, ikazama.

Hakufa mtu. Wageni waliopolewa na viatu vyao. Lakini mkuu wa bandari alipoteza miwani na heshima mbele ya watu, na ilibidi apatikane wa kulaumiwa. Dereva wa boti aliapa kwamba kila kitu kilikuwa mahali pake. Likabaki kosa la kalafati, na unga wa baba ukamwagika. Barua ya kumwachisha kazi ilichapwa na shangazi, kwa kuwa mpiga chapa mwingine hakuwapo.

Tangu hapo baba hutengeneza milango. Kitu chochote kinachogusana na maji hakishiki. Hata ndoo ya nyumbani ikitoboka huita fundi mwingine. Mtaani walimbandika jina la Vuja, na jina la namna hiyo halihitaji gundi. Mimi nimesoma shule yote ya msingi nikiitwa mtoto wa Vuja. Mtu asije akaniambia watoto hawana ubaya. Wana ubaya uliokomaa, tena wanaamka nao mapema.

Kwa hiyo shangazi alikuwa anaitafuta namba kumi na nne. Alijua iliachwa chini ya maji mwaka mzima na zaidi, kwa sababu mkuu wa bandari hakutaka kuiona, kisha ikauzwa huko huko ilikolala kwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Akiipata, alisema, atatazama maungio kwa macho yake, na kama kalafati ni nzima atamwambia kaka yake angali hai. Hili la angali hai halikuwa maneno tu. Baba alishaanza kupumua kwa vituo, na daktari alishaanza kuzungumza na sisi badala ya kuzungumza naye. Lakini shangazi ni mtu wa utaratibu. Hakuona sawa kutafuta boti moja na kuziacha kumi na nane, basi akazitafuta zote, na mimi nikawa mshika tochi wake.

Boti ya mbao unaweza kuipaka rangi mpya, ukaipa jina jipya, hata ukaikata katikati. Ila namba yake imechongwa kwenye boriti kubwa inayopita tumboni kutoka ubavu hadi ubavu, na boriti hiyo ndiyo ya mwisho kuoza. Shangazi alitembea na kipande cha chaki. Alijiingiza chini ya sitaha kwa magoti ya mtu wa miaka sitini, akalalamika kidogo, akapaka chaki kwenye boriti na kuifuta kwa kiganja. Namba ilijitokeza nyeupe.

Namba tatu tuliikuta imepinduliwa, imekuwa banda la kuku. Namba tisa ilikuwa kaunta ya mapokezi katika nyumba ya wageni, na mpokeaji alitaka kujua tunahitaji chumba cha saa ngapi. Namba sita ilikuwa bado inabeba mchanga, na mwenyewe aliapa kwamba aliiunda yeye kwa mikono yake, akaendelea kuapa hata chaki ilipokwisha kusema. Kila tuliporudi, shangazi alijaza daftari: namba, mwaka wa kuundwa, aliyeiunda, ilipo sasa, na mwisho safu ya sababu ya kufa kwake. Hapo hakuwa na maneno mengi. "Moto." "Mchwa." "Nahodha." Namba kumi na moja aliiandikia "Urithi, watoto sita," kwa sababu waliigawana kwa msumeno. Safu ya namba kumi na nne ilikaa wazi.

Meza yake ilikuwa karibu na dirisha. Kulikuwa na taipureta, daftari, na mafungu ya karatasi yaliyogandamizwa na kipande cha shaba kinene kama kidole gumba cha mwanamume, chenye kichwa cha pembe nne, kimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Alitoka nacho katika ile ofisi ya cherezo. Feni ya pale ilikuwa ikirusha karatasi, akakiokota dirishani wiki yake ya kwanza, na kimemfuata kila ofisi aliyohamishiwa hadi nyumbani. Chini ya kichwa alikibandika kitambaa kisije kikaikwaruza meza. Shangazi hapendi meza ikwaruzwe.

Zile nyingine kumi na nane tulizipata zote. Namba kumi na nne yenyewe tuliipata katika mwaka wa pili, kwa mzee aliyewahi kuwa mpiga mbizi wa bandari na sasa anauza vyuma chakavu katika mji wa mbali kidogo. Shangazi alimwandikia akimuuliza habari za boti nyingine kabisa. Mzee akajibu kwamba hiyo haijui, ila anayo moja uani aliyoitoa chini ya maji mwenyewe, kama inatufaa.

Ilikuwa chini ya paa la mabati, imewekewa magogo mbavuni isilale. Shangazi aliingia na chaki yake. Nilisikia kiganja kikifuta boriti. Alipotoka alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi, na hakuniambia namba. Alichukua kisu kidogo mkobani akaanza kupita kwenye maungio, ubao baada ya ubao, kutoka omo, yaani mbele, hadi shetri, nyuma, pande zote mbili, akichomeka ncha na kusikiliza. Ilimchukua saa nzima. Yule mzee akaleta viti, akaona hatukai, akakaa yeye.

"Unahangaika bure, mama," alisema mwishowe. "Kalafati hiyo sijaigusa. Nimeitumia boti hii kazini miaka tisa, haijaingiza maji ya kujaza kikombe. Aliyeishindilia alikuwa fundi."

Shangazi akauliza kwa nini basi ilizama.

"Haikuwa na kizibo," alisema mzee. "Nilipoizamia, tundu la chini lilikuwa wazi. Nimepitisha vidole hivi."

Kisha akatueleza, na alieleza taratibu kama mtu ambaye hajaulizwa jambo hilo kwa miaka mingi. Boti ikivutwa nchi kavu, kizibo cha chini hufunguliwa ili maji yatoke. Pale cherezoni vizibo vyote viliwekwa kwenye sahani ya bati dirishani ofisini, kila kimoja na namba yake. Anayekwenda kushusha boti hupita kwenye sahani kwanza. Akikiona kizibo chake, anakichukua. Asipokiona, anajua mwenzake ameshakirudisha mahali pake, na anashusha. Huo ndio uliokuwa utaratibu, na ulifanya kazi vizuri, kwani hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angechukua kizibo cha boti akakipeleka mahali pengine. Dereva aliona sahani haina chake, akashusha. Baadaye akaapa alivyoapa, maana alikuwa na watoto. Ni marehemu sasa.

Shangazi akauliza kizibo hicho kilikuwa cha namna gani. Mzee akamwonyesha kwa kidole gumba. Cha shaba, alisema, kichwa cha pembe nne, na namba imegongwa juu ya kichwa.

Shangazi alimwomba arudie, akaandika. Kisha akashukuru, akakataa chai, tukaondoka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha shangazi kilikuwa mezani.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja mezani, akakipindua kile kipande cha shaba na kukibandua kitambaa kwa kisu kile kile. Gundi ilikuwa ya zamani, ikatoka kwa mikunjo. Chini yake palikuwa na moja na nne.

Nilikasirika, sitaki kuficha. Miaka thelathini na sita baba anaitwa Vuja kwa ajili ya karatasi zisipeperuke. Nilitafuta wa kumkasirikia, na aliyekuwepo alikuwa ameketi kitini na viatu vyake, ameshika tama, ghafla amekuwa mdogo kuliko kiti. Basi nikamshauri vizuri. Nilimwambia amweleze baba kwamba kalafati ni nzima na kizibo hakikuwapo, aishie hapo. Ni kweli tupu, na moyo wa baba hauhitaji zaidi. Akaniambia anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwamba kaka yake ndiye baba yake na mama yake, na akimfia na kinyongo hatakuwa na mtu wa kumwomba radhi. Lakini aliwaumbua watu kumi na wanane kwa chaki yake, hawezi kujiruka mwenyewe.

Kesho yake asubuhi tulimkuta baba karakanani akipiga randa mlango uliolazwa juu ya benchi. Shangazi alifungua daftari juu ya mlango, kwenye ukurasa wa namba kumi na nne, akaweka kizibo juu ya ukurasa.

"Kaka, nimeipata. Kalafati yako nzima. Haikuwa na kizibo. Kizibo nilikuwa nacho mimi, nilikichukua dirishani nikagandamizia karatasi. Sikujua ni nini."

Baba alimaliza pigo la randa aliloanza. Akapuliza vumbi, akakiokota kile kitu, akakipindua.

"Kilibandikwa kitu hapa?" aliuliza, maana mabaki ya gundi yalikuwapo. "Siku ile hakikuwa nacho."

"Siku ipi?"

"Niliyokuja kutia saini barua yangu. Kilikuwa juu yake. Nilikisogeza mwenyewe nipate pa kusaini."

Randa nyingine ilikuwa imening'inia ukutani, nikaitazama hiyo. Shangazi akauliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa na wiki tatu kazini," alisema baba. "Nyumba ilikuwa na mishahara miwili, mmoja umeshakwenda. Ningesema, ungekwenda na wa pili. Yule mkuu hakuwa mtu wa kurudisha watu."

Mimi nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima sana, kama hakuona kwamba tunaitwa watoto wa Vuja. Akanitazama.

"Ulikufa?"

Sikufa. Shangazi alikuwa analia sasa, wazi, bila kujificha, na mimi sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye misiba. Baba akamwacha alie. Kisha akauliza, akiutazama mlango, kama ubavu wa kushoto wa boti nao aliutazama. Karibu na shetri, ubao wa tatu kutoka chini.

"Nimeutazama wote."

"Pale nilikuwa na haraka," alisema baba. "Walikuwa wanataka boti yao. Kizibo nilikiona, lakini pale sikuwa na hakika. Kila nikilala nilikuwa najiuliza kama hata kingekuwapo, ingefika."

"Ubao wa tatu ni mkavu, kaka. Kisu hakikuingia."

Baba alivuta kiti akakaa. Aliweka mikono magotini, akipumua kwa vituo vyake, na uso wake ulikuwa mgeni kwangu. Kisha akamwambia mdogo wake afute machozi, yanaingia kwenye mbao.

Shangazi akafuta. Akatoa kalamu na, kwa mwandiko ule ule wa kurasa nyingine, katika safu ya sababu akaandika: "Mpiga chapa." Baba akaomba miwani, akasoma kuanzia juu, namba, mwaka, aliyeiunda, mpaka mwisho. Alisema ipo nafasi chini, aandike na kalafati ilikuwa ya nani na hali yake. Shangazi akaandika. Baba akasema hati isiyo na saini si hati, akaomba kalamu. Kizibo kilikuwa kimerudishwa juu ya ukurasa. Akakisogeza kando, akatia saini, akakirudisha pale pale.