Kakule Mumoja, Bitabu Mia Tatu na Moja

Batu ya hapa Butembo banasemaka miye ni mubongo, mutu wa uwongo. Ni kweli. Nilishaka kusema kama kuku yangu ilienda na miguu mpaka Kayna, ikarudi na habari ya bei ya viazi. Lakini hii ya Papa Timothée sikuongeza kitu. Labda panya. Kwa panya nitaongeza kidogo.

Papa Timothée Kakule alichunga bitabu myaka makumi mbili na sita, kwa nyumba moja ya matofali nyuma ya soko. Batu ya masomo banamwita bibliothécaire. Alitoka Lubero kijana, akajifunza mwenyewe kushona bitabu byenye kupasuka, na uzi ya kushonea magunia. Bibi yake alipokufa, alifunga mulango siku tatu tu, kisha akafungua. Nyumba ile ilikuwa na majimaji, na panya yake ilikula kamusi ya Kifaransa mpaka ikaanza kupishana kwa adabu: «Pardon, passez.» Miye nilikuwa nauzishaka karanga kwa mulango yake. Miye hapana jua kusoma, hata jina yangu. Lakini kazi yake nilijua kupita Serikali.

Siye Banande, mutoto anatokaka kwa tumbo na jina yake tayari. Mutoto mwanaume wa ine kuzaliwa ni Kakule, baba apende, akatae. Kwa banamuke ni vilevile, ba-Kavuo na benzao. Ukiita «Kakule!» kati ya soko, nusu ya soko inageuka, na mbuzi moja. Donc Timothée alikuwa na kabati ya masanduku kidogo-kidogo: ba-Kakule bote ndani ya sanduku moja, ba-Kavuo ndani ya ingine. Kila mutu na kadi yake, na kwa kadi, maneno ya kumutambua. Kakule wa Kalunguta, baba yake anapiga bati. Kakule mwenye kupakaa kurasa mafuta ya mandazi. Kakule wa Eringeti, ule alikimbia vita na mutoto kwa mugongo na kitabu yetu ndani ya shati. Alirudia kuangalia shamba yake, na kule alibakia. Kadi ya ule, Timothée aliifunga na uzi mweusi, akairudisha kati ya benzake.

«Mukaka,» aliniambia, vile banaitaka siye bamama bazee, «mutu mwenye alisoma, hapana futwaka.»

Mwaka jana ikakuya mambo ya Internet. Chef Roger, mukubwa wa bureau yenye ilikuwa na ile nyumba, ni mutu wa Kasai, na viatu byenye hata matope ya Butembo iliogopa. Akaleta tablette tatu.

«Papa Timothée, dunia ilibadilika. Humu ndani kuko bitabu elfu kumi, kuko filme, kuko magazeti ya leo. Utaingiza basomaji bako bote. Bakubwa bangu banaangaliaka namba kwa hii kioo, kwa écran. Mwisho wa mwezi wa sita, namba ikifika mia tatu, nyumba inabaki yako. Isipofika, bitabu bitaenda Beni, na hapa tunafanya dépôt ya mizigo.»

«Mia tatu? Chef, niko na mia nane na kumi na mbili!»

«Sasa unaogopa nini?»

Hakuogopa. Nisimusingizie, ile machine aliipenda. Alibonyeza, kitabu ikaanza kujisoma yenyewe, na sauti ya mwanamuke mwenye hajashika bugali hata siku moja. Tulikuya bamama kumi na mbili kusikiliza. Kisha akaipatia maneno ya Kiswahili yetu isome. Ilipofika kwa «mutu», ilisema kama mwenye kupiga chafya, na siye bote tukajibu: «Mungu akubariki!»

Miezi mbili aliingiza majina. Kidole yake ni kama ndizi ya kupika, inagusa herufi tatu mara moja. Machine inauliza «Nom», jina, anaandika Kakule. Prénom, ile ya ubatizo, haikulazimisha, akaacha. Kwa makadi yake haikukuwaka. Ile ingine yote, Kalunguta, bati, mandazi, uzi mweusi, aliiweka chini kabisa, fasi ya «Observations», ya maneno ya kuongeza, fasi yenye machine haiangaliaka.

Siku alimaliza, akaniita nione ile mia nane na kumi na mbili. Niliona badudu beusi tu, lakini nikapiga kigelegele. Machine ikauliza neno ingine. Akanisomea: «Réunir les homonymes?»

«Ni ugonjwa gani huo?»

«Ni ba-ndoyi, Mukaka. Batu ya jina moja. Inauliza kama nibaweke pamoja.»

«Kama ndani ya sanduku yako?»

«Kama ndani ya sanduku yangu!» Akacheka mpaka machozi. «Unaona? Hii machine ni Munande.»

Akabonyeza Oui, ndiyo.

Na kwa ile furaha, akanipatia makadi yote. «Chukua, ufungie karanga.» Nikachukua, na hii mikono. Wiki mbili, nilifungia karanga ndani ya majirani zangu.

Kisha Zorobabel akashuka kutoka Kalunguta, ule Kakule wa baba mwenye kupiga bati, na simu kwa mukono kama mwenye kushika nyoka.

«Papa Timothée! Simu inasema nirudishe bitabu mia tatu na moja! Bibi yangu anapekua mpaka chini ya kitanda! Miye nilichukua moja tu, ya kuchunga mbuzi, na mbuzi yenyewe ikaikula!»

Tulicheka. Timothée alicheka mbele yetu bote. Kisha akafungua écran, na kicheko ikakufa kwa mudomo.

Machine haikuweka ba-Kakule ndani ya sanduku moja. Ilibafanya mutu mumoja. Wa Kalunguta, wa mandazi, wa uzi mweusi, na Timothée yeye mwenyewe: Kakule, mumoja, bitabu mia tatu na moja. Mia nane na kumi na mbili balibaki makumi tatu na munane. Alitafuta njia ya kurudisha nyuma. Machine ikaandika kama njia hiyo haiko.

Akanigeukia. «Mukaka. Makadi?»

Nikamuonyesha kitunga yangu ya soko. Kulibakia kumi na moja, na mafuta ya karanga juu. Miye mwenye kudanganya bijiji makumi ine, siku ile nilikosa hata uwongo moja.

Akaenda kwa Chef Roger. Chef akasema écran ni écran.

«Basi nitakuletea bo benyewe, na miguu yabo!»

Alitangaza kwa misa, kwa soko, kwa radio. Siku ya mwisho ya mwezi wa sita, balijaa kiwanja mpaka barabara. Batu ba Kalunguta balikuwa kidogo, juu ya risasi yenye ililia kwa njia ile wiki. Hata vile, tulihesabu mia tatu na kumi na ine. Timothée alivaa koti ya ndoa yake.

Chef Roger akatoka na karatasi ya machine.

«Kakule!»

«Présent!» Banaume makumi saba balijibu mara moja, njiwa zikaruka kwa bati.

Chef akatia alama moja.

«Kavuo!»

«Présente!» Banamuke makumi tano.

Alama moja.

Kwa jina ya tatu, hakuna mwenye alicheka tena. Alifika mpaka mwisho, makumi tatu na munane. Hakuwa mutu mubaya, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Alisogea kwa Timothée, akasema pole-pole: «Papa, miye naona batu. Bakubwa kule banaona écran. Nikiandika ingine, banasema nimeiba.»

Kamyo ikabeba bitabu, ikaenda Beni. Banasema kule bingali ndani ya makartoni, na tablette inafanya kazi siku yenye courant ya umeme iko.

Wiki moja nyuma ya kamyo kuenda, tulikuwa tunaikala na Timothée kwa ngazi ya ile nyumba yenye kufuli. Akakuya mama moja, Delphine, ni Kavuo na yeye, na kitabu ndani ya plastiki.

«Papa, nisamehe, nilichelewa. Nilikuwa na mugonjwa. Pokea.»

Timothée akatosha kalamu kwa mufuko. Akatafuta fasi ya kuandika, haikukuwa. Akarudisha kalamu.

«Siwezi kupokea, mama. Kwangu hauko.»

«Sipo namna gani? Si uliniandika weye mwenyewe, niko na mimba ya kwanza?»

«Nilikuandika.»

«Sasa nimurudishie nani?»

«Enda nayo tu. Mutu mwenye hayuko, hapana ibaka.»

Delphine alisimama pale na kitabu kwa kifua, kama mwenye kubeba mutoto wa benyewe. Kisha akaenda nayo, na hakusema aksanti.