Peres Ajwang na Koti Lililomfundisha Mtu Kutembea

Kabla sijaandika neno jingine, naapa kwa pensheni yangu ya posta: haya yote ni kweli tupu, hata pale yatakapofanana na uongo.

Saa moja asubuhi, Julai ya mwaka 1973. Manyunyu yanaanguka katikati ya Nairobi, na katika chumba chembamba nyuma ya studio ya televisheni, Peres Ajwang anapika shati. Ndiyo, anapika. Shati jeupe pe limezama katika sufuria ya chai ya rangi, naye analigeuza kwa mwiko.

"Nyeupe ikienda kwa kamera hivi hivi, inawaka kama taa," anaeleza. "Uso wa mtu unakuwa masizi. Ukiitia chai kidogo, watu nyumbani wanaona shati nyeupe, na mtu pia wanamwona."

Peres, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ndiye anayewavisha waigizaji wote wa studio hiyo. Hulipwa shilingi mia mbili themanini kwa mwezi na amepanga chumba Riruta. Televisheni hana. Kazi yake huitazama kwa jirani, akiwa amesimama mlangoni.

Nguo nyingi huziokota Kitisuru, mtaa wa matajiri, anakobisha lango baada ya lango akiomba zilizochakaa. "Nguo mpya haijui kitu," asema. "Inayojua ni ile imevaliwa."

Na nguo zake zinajua! Siku moja alimvisha mwigizaji sare ya chifu. Mwigizaji akatoka barabarani kununua sigara. Aliporudi alikuwa ameshaamua kesi mbili za mashamba, na mbuzi wa shukrani anamfuata nyuma.

Lakini nguo inayomnyima Peres usingizi ni koti moja zito.

Wiki tano zilizopita, studio ilianza tamthilia ya mzee anayerudi kwake baada ya kupotea miaka kumi. Mzee huyo aliigizwa na Tobias Sifuna, karani wa bima. Maneno aliyajua yote, ila alitembea kama mtu anayepeleka barua kwa meneja.

Peres akafungua sanduku lake Riruta, akatoa koti la mumewe, Dalmas, fundi wa reli aliyeondoka mwaka 1966 kutafuta kazi Mwanza.

"Aliniambia, 'Huko ni joto, Peres. Nitunzie, nitalivaa nikirudi.' Barua zilikuja mbili."

Mfuko wa kulia ulikuwa umelegea kwa miaka ya kubeba spana. Peres akatia spana humo, akamvisha Tobias. Bega la kulia likashuka. Hatua ikawa nzito. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe.

"Sikumwambia kitu," asema Peres. "Koti ndiyo ilimwambia. Alipogeuka mlangoni, nikaona mgongo wa Dalmas. Nikatoka nje kidogo."

Kila wiki alilishika koti hilo, akalipiga pasi, akamtazama mtu mwingine akirudi nyumbani ndani yake. Kisha ikaja karatasi ya sehemu ya mwisho: mke wa yule mzee analichoma koti, ili asiondoke tena.

"Mama, liletwe Ijumaa," aliagiza Waweru, mtayarishaji.

"Bwana Waweru, hiyo koti ina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Peres akalikung'uta koti vumbi.

"Watu wamelizoea. Tukichoma lingine watajua. Kama huwezi, nitatafuta anayeweza."

Leo ni Alhamisi. Peres amezunguka Kitisuru na Muthangari, hajapata la kufanana nalo. Ili kumchangamsha, mimi niliyeketi kando yake na daftari langu nikaanza kumsomea haya niliyoyaandika.

"Umeapa, Mzee Haron?" akauliza.

"Nimeapa."

"Na nikikupata na uongo?"

"Chukua utakacho."

Nikasoma hadi kwa chifu. Mwiko ukasimama.

"Ngoja hapo. Mbuzi gani?"

"Wa shukrani."

"Mimi nilikuwa dirishani! Mama mmoja alimwuliza njia ya kwenda stendi. Basi. Hata njia yenyewe hakuijua!"

"Labda mbuzi alipitia nyuma."

"Mzee Haron! Na mvi zote hizo!"

Akatoa kipande cha kioo cheusi mfukoni mwa aproni. Televisheni zetu hazioneshi rangi, kwa hiyo hupima nguo zote kupitia kioo hicho. Akakiweka jichoni, akanitazama mimi, kutoka kola hadi pindo. Nilikuwa nimevaa koti la kijani. La Dalmas ni la hudhurungi.

"Hapa ndani koti zote mbili ni jivu," akasema polepole. "Kola ni ile ile. Vifungo nitahamisha, mfuko nitaulegeza."

"Mama, hili nilipewa nilipostaafu!"

"Ulipewa kweli, ama ni kama mbuzi?"

Nikauliza kama kweli bado anamtarajia Dalmas, miaka saba sasa. Alilikunja koti la mumewe na kulilaza magotini.

"Akirudi anikute nimezeeka, atanisamehe. Uzee sikumwahidi kuuzuia. Koti nilimwahidi."

Nje manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua. Nikavua. Peres akanirudishia kalamu na leso yangu, akachukua mkasi.