Kitenge Kilichokuwa Kikienda Ikola

Iko Krismasi moja ambayo huwa naikumbuka kila ninapookota makaratasi uani, mwanangu, na leo nimeokota ndoo nzima. Sikulaumu. Watoto wako wamefungua zawadi zao, wamechana, wamefurahi. Lakini karatasi hizi za kung'aa haziozi, ukizichoma moshi wake unakaba koo, na asubuhi hii nimetoa utepe mdomoni mwa mbuzi wa jirani. Mgongo unaniuma. Kaa hapa kidogo, kuna jambo nimechelewa sana kukwambia.

Miaka ya tisini nilikuwa muuzaji katika duka moja la vifaa vya shule pale sokoni Mpanda. Ukiingia mwezi wa kumi na mbili tulileta karatasi za zawadi, nyekundu na za rangi ya dhahabu, na fundi wa kuzifunga nilikuwa mimi. Nilijua kukunja pembe zikakaa sawasawa. Nilivuta utepe kwenye makali ya mkasi ukajiviringisha wenyewe. Watu walinisifu, nami nikavimba kichwa, kama ujuavyo vijana.

Bibi yako, yaani mama yangu, alikuwa kijijini Sitalike, akilima karanga. Mdogo wake, Veronika, aliolewa Ikola, akawa anaanika dagaa huko ziwani. Wawili hawa walikuwa hawasemeshani. Mama yao alipofariki, mvua ilikuwa imekata barabara, na mama yangu akakubali mazishi yafanyike bila kumsubiri mdogo wake. Veronika alipofika alikuta kaburi. Hakusamehe. Na mama, mgumu kama alivyokuwa, hakuomba radhi.

Kilichobaki kati yao kilikuwa kitenge cha marehemu, cha bluu iliyopauka, kina kiraka pembeni. Kila Krismasi mama alifungia karanga humo na kuniletea niwakabidhi watu wa lori la dagaa. Unajua kwetu mtu akikuletea kitu kwenye kikapu chake au nguo yake, unaona haya kumrudishia chombo kitupu. Basi kabla ya Pasaka kitenge kilirudi na dagaa ndani, kimefungwa fundo lile lile alilowafundisha mama yao. Hakuna barua, hakuna salamu. Mama alilifungua fundo taratibu, akanusa nguo, na siku hiyo nzima alikuwa mpole. Mimi niliona ni vituko vya wazee tu.

Sasa, Krismasi hiyo ninayoikumbuka, mama aliingia dukani na mzigo wake wakati duka limejaa wateja, mabinti wa mjini tena. Niliona aibu, nakiri mbele yako. Alipoondoka nilifungua kitenge, nikamimina karanga kwenye boksi, nikalifunga kwa karatasi ya dhahabu na utepe mwekundu. Nilijiona nimempandisha mama hadhi. Kitenge nilikisukuma chini ya kaunta, boksi likapanda lori.

Pasaka ikafika, hakikuja kitu. Mama alipopita sokoni aliniuliza.

"Watu wa Ikola hawajaleta mzigo?"

"Bado, mama."

Akawa anauliza kila akija, mpaka akaacha. Krismasi iliyofuata hakutuma karanga. Alisema tu, "Ameamua kukaa na nguo ya mama. Basi, yaishe." Hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Kitenge kilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama. Nilinyamaza kwa woga, nikajiambia nitamweleza wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa mwaka.

Kisha habari ikaja kutoka Ikola kwamba Veronika amefariki. Mama alikaa chini pale pale dukani, macho makavu. Nilikitoa kitenge, nikamwekea mapajani, nikamweleza yote. Alikipapasa kile kiraka.

"Ulifikiri nilikuwa natuma karanga?" akaniuliza.

 

Tulikwenda Ikola juu ya lori, siku mbili, kwenye matope. Naye alikuta kaburi. Skola, binti wa marehemu, alitupokea vizuri, akatuonyesha karatasi yangu ya dhahabu. Mama yake alikuwa ameinyoosha na kuihifadhi sandukuni. "Mama alisema dada yake amechukua nguo yao, maana yake hamtaki tena," Skola akasema. "Na hakuwa na chombo cha kurudisha." Mama hakueleza kitu, hata kunitaja hakunitaja. Alimkabidhi Skola karanga tulizokwenda nazo, zimefungwa kwenye kitenge, akaenda kukaa kaburini peke yake.

Kabla ya Pasaka kitenge kilirudi na dagaa. Skola alikuwa anajua lile fundo. Mama alilifungua taratibu kama zamani, na hapo ndipo alipolia.

Sasa mama naye hayupo, tumebaki mimi na Skola. Kitenge nimeshakiongezea viraka viwili, yeye kimoja. Mwaka huu bado sijatuma. Miguu haitaki tena kwenda stendi.

Mwanangu, acha kununua makaratasi haya. Chukua kipande cha kitenge, kikapu, hata mfuko wa unga uliofuliwa vizuri, ufunge kwa kamba ya katani. Chakula kifunge kwa majani ya mgomba, yataoza yenyewe shambani. Uani kwangu kutakuwa safi, na mbuzi wa watu watapona. Lakini hilo ni dogo. Zawadi ifunge kwa kitu ambacho aliyeipokea atatakiwa kukirudisha, ili awe na sababu ya kukukumbuka hata kama mmekosana. Na ukikosea, sema siku ile ile, usiwe kama mimi.

Kitenge hicho hapo kwenye kiti, na karanga ziko kwenye sinia. Njoo nikuonyeshe fundo, kesho uzipeleke stendi wewe. Mungu akujalie watu wa kukutumia kitu, mwanangu, na akupe siku za kutosha za kuwarudishia.