Divai Isitikiswe

Asubuhi ile nilikuwa jikoni, Maskati, nikisugua masufuria, mkuu aliponiita nikaone picha. Alikuwa afisa wa Kiingereza katika jeshi la Sultani, na mimi mtumishi wake tangu mama, mdogo wangu Nassor na mimi tulipoyakimbia mapinduzi Unguja. Picha ilikuwa ya shamba la mizabibu huko Ufaransa, limezungushiwa ukuta wa mawe. Ukuta ulijengwa na watawa, alisema, karne nyingi nyuma. Vita vilipita hapo mara kadhaa, na kila vilipokwisha wenyewe walirudi kupogoa mizabibu yao.

Nikalikumbuka shamba letu la mikarafuu. Sisi hakuna aliyeturudisha.

Divai yake nyekundu ilitoka katika shamba hilo. Alikuwa na kreti moja, chupa kumi na mbili, na alizitaka kwa karamu ya maafisa kule Dhofari, vitani. Yeye alitangulia, mimi nizifikishe.

"Divai kongwe ina mashapo," alinambia. "Ikitikiswa inavurugika. Nakukabidhi wewe."

Dini yangu hainiruhusu hata kuibeba. Lakini mama alikula kwa mshahara ule.

Nikapanda ndege hadi Salala, mji wa Dhofari. Aliyekuja kunichukua kwa lori alikuwa Nassor, dereva wa jeshi, miezi minane sijamwona. Alikuwa amekonda. Aliponiona nimeipakata kreti akacheka.

"Umepata mtoto, kaka?"

Nikakaa nyuma ya lori, kreti mapajani, tukizungumza kwa kidirisha. Njia ilikuwa mawe matupu. Chupa zikaanza kugongana. Pembeni palikuwa na mchanga laini, umetandaa kama mkeka.

"Nassor, pita mchangani."

"Iliyokaguliwa mabomu ni hii ya mawe."

"Chupa zitavurugika. Mkuu atanifukuza."

Mimi ndiye mkubwa wake. Akakata usukani.

Mita hamsini. Pengine sitini.

Mlio sikuusikia. Niliona mchanga ukipanda, kisha nimelala chali, kifua kimelowa chekundu. Nikajua nakufa.

Ilikuwa divai.

Nikajiburura hadi mbele. Nassor alikuwa bado amekaa kwenye usukani. Hakuwa na miguu. Nikamtamkia shahada sikioni ili airudie. Midomo yake ilicheza, basi.

Mkuu alikuja kuniona hospitali ya kambi, uso umemsawijika. Akanipa pole, na niliamini pole yake. Kisha akasema chupa tatu zimesalimika, na jioni ile maafisa wangezinywa kwa kumkumbuka ndugu yangu.

"Ahsante, bwana," nikamjibu.

Mguu wangu mmoja haukupona sawasawa, lakini jibu hilo linaniuma zaidi.

Niliporudi Maskati, mama hakulia mbele yangu. Aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu alikuwa kabeba nini?"

"Dawa, mama. Dawa za majeruhi."

"Alhamdulillahi. Kafa katika kheri."

Miaka yote aliyobakiza aliwahadithia majirani hivyo, nami nimekaa papo hapo, nikiitikia. Akafa akiamini. Sasa wanangu, hapa Azaiba, Maskati, wanawasimulia watoto wao habari za ami yao aliyekufa akiwapelekea wagonjwa dawa. Nnawasikiliza. Sijawasahihisha.