Magoti ya Mama wa Msusi

Msusi wangu wa Galerie d'Ixelles, hapa Brussels, husuka huku akipanga safari. Akigawa nywele, siku ya kwanza ni uwanja wa Grand-Place na keki za gofri za moto; akikaza rasta, siku ya pili ni kasri la mashambani. Mama yake anakuja kumtembelea kutoka Lubumbashi, na magoti yake ni mabovu. Vidole vya msusi vinakimbia, lakini vikifika nyuma ya sikio langu vinalainika, kama vinagusa mtoto mchanga. "Nimuonyeshe château, ile kasri, kwenye picha tu?" huniuliza, kisha anajijibu, "Non, anatoka mbali."

Jumapili alinichukua twende kuijaribu njia ya hilo kasri kabla mama yake hajafika. Getini akainama, akashika kiuno, akaanza kutembea kwa hatua za bibi kizee, mguu mmoja akiuburuta. Mwanangu Abigaël mgongoni akacheka, na mimi pia.

"Maman Abigaël, musinicheke! Magoti ya maman yangu ndiyo inatembea hapa."

Kwenye kila benchi aliketi, akangoja pumzi irudi, akainuka tena. Mbele yetu kasri lilisimama ndani ya maji, minara yake juu kabisa, na mimi nilisahau kufunga mdomo. Macho yake yeye yalikuwa chini, kwenye mawe ya njia. Tulipofika darajani akajinyoosha, akapiga makofi.

"Atafika!"

"Bon, sasa inua macho uone," nikamwambia.

Akaligeuzia kasri mgongo upesi.

"Apana. Château nitaiangalia pamoja na maman."