Fundi Kiberiti na shati lililo kwenye kamba

Saa mbili asubuhi jua limeshapanda juu ya mabati, na Fundi Kiberiti anatoka nje kwa mara ya nne kushika shati jeupe lililoanikwa kwenye kamba. Analishika kwapani, anashika kola, anashika upindo. Bado bichi. Anarudi ndani, anakaa kwenye cherehani, anashona mshono usiozidi kiganja, kisha anasimama tena.

"Shati hilo ukilishika mara nyingine litadai mahari," anasema mama mkwe wake, aliyekaa kizingitini akifumua pindo la shuka kuukuu kwa wembe.

"Nataka kujua tu, Mama."

"Likikauka litakwambia lenyewe. Kaa."

Hakai. Kwa siku nzima ambayo mwandishi huyu alishinda naye, hakuonekana amekaa dakika kumi mfululizo. Chai aliyomiminiwa iliingia utando, ikapoa, ikamwagwa, ikamiminwa nyingine, nayo ikapoa.

Ana sababu. Shati hilo likishakauka litapimwa. Kama halijasinyaa, saa sita mchana mdogo wake atalivaa kwenda kwenye kiwanda cha mikate, asimame nalo mbele ya tanuri mpaka saa kumi na mbili jioni. Likitoka huko litafuliwa tena na kupimwa tena. Jumatatu msimamizi wa kiwanda ataamua: wafanyakazi kumi na wawili wa tanuri wavae pamba, au warudi kwenye makoti ya buluu ya poliesta ambayo yameshamwangusha mdogo wake mara mbili mwaka huu.

Chumba anachofanyia kazi kina hatua sita kwa nne. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo upepo ukija unapitia mlangoni kama wateja wengine. Ndani kuna cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi, na marundo ya mashuka ya mitumba yaliyofika dari. Juu ya cherehani kuna kopo la maziwa lenye kiberiti na kisosi kilichoungua madoa. Hicho kiberiti ndicho kilichompa jina.

Mteja wa kwanza leo ni mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ameleta blauzi aliyoinunua mpya. Analalamika kwamba akiivaa darasani mgongo unalowa kabla ya kipindi cha pili.

"Na imeandikwa pamba tupu," mwalimu anasema, akionyesha lebo.

Fundi Kiberiti anachomoa uzi mmoja ndani ya mshono, anauweka kwenye kisosi, anawasha njiti. Uzi unajikunja, unatoa moshi mweusi, unabaki kishanga kidogo kigumu, kama plastiki iliyoyeyuka. Kando yake anachoma uzi wa shuka. Huo unaungua taratibu, unanuka karatasi, na majivu yake yanasagika akiyagusa kwa kidole.

"Lebo imeandikwa na muuzaji, mwalimu. Kiberiti hakina duka."

"Kwa hiyo nimedanganywa."

"Si sana. Kola yake nzuri. Ivae siku za mvua."

Mwalimu anacheka kwa uchungu kidogo, kisha anachagua shuka lenye mistari ya kijani iliyofifia. Anataka gauni la kubana kiunoni. Hapo ndipo ubishi unapoanza, na kwa kweli ubishi ndio nusu ya kazi ya fundi huyu.

"Unanishonea gunia?"

"Nakushonea upepo. Nguo ya joto haikushiki, inakuzunguka. Ukitaka ya kukubana, njoo wakati wa baridi, nitakubana mpaka uombe radhi."

Wanakubaliana mshipi wa kufunga na kufungua. Mwalimu anaondoka, na Fundi Kiberiti, badala ya kukata, anatoka nje kushika shati.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa fundi wa magauni ya sherehe, yale yanayometameta na kukwaruza. Mtoto wake wa kwanza akapata harara, shingo na mgongo vikajaa vipele hata kulala akawa halali. Muuguzi wa zahanati alimtazama mtoto, akatazama kinguo chake cha nailoni, akauliza swali moja: "Mama, wewe si fundi?"

"Niliona aibu ambayo sijawahi kuisahau," anasema. "Nilirudi nyumbani nikakata shuka la kitanda changu mwenyewe. Mume wangu alirudi jioni akakuta godoro tupu."

Vipele vilikauka ndani ya wiki. Majirani wakauliza. Tangu hapo ananunua mashuka na mapazia ya pamba ya mitumba, hasa yale yanayokataliwa na wauzaji wengine. Shuka huchakaa katikati, anapolalia mtu, lakini pembeni linabaki zima. Yeye hutupa macho pembeni. Mashuka mawili chakavu hutoa gauni moja na mfuko wake, na vipande vinavyobaki huwa leso za kufutia jasho au hujazwa kwenye mito. Wiki nzuri hutoa nguo kumi na tano, wiki mbaya saba, na kodi ya chumba haijui tofauti ya wiki hizo.

Nguo za namna hiyo hazisifiwi barabarani. Rangi zake ni nyeupe iliyochoka, maziwa, samawati iliyofifia. Lakini wanaozivaa hurudi, nao ni watu wanaosimama juani au penye moto: wauza mboga, wapaka rangi, mwosha magari mmoja ambaye hana shati lingine analolikubali.

Mdogo wake hakuwa mteja. Kiwandani koti ni la kiwanda, la buluu, mikono mirefu, vifungo mpaka kooni. Miezi miwili iliyopita, wakati joto lilipokuwa kali, alianguka akiwa ameshika sinia la mikate na kuungua mkono. Baada ya wiki tatu akaanguka tena.

"Waliniletea mdogo wangu amebebwa na watu wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni," Fundi Kiberiti anasema. "Nilimvua lile koti. Lilikuwa limeganda mwilini, ndani maji yanatiririka. Nilichukua kiberiti kabla sijachukua maji ya kumpa. Mpaka leo ananisema."

Uzi wa koti ulibaki kishanga.

Kesho yake alikwenda kiwandani na kiberiti chake. Msimamizi, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alimpa kiti, naye akakataa kukaa. Alichoma uzi wa koti kwenye kisosi cha chai cha msimamizi, kisha uzi wa shuka. Akamwambia kwamba penye tanuri vazi linaloyeyuka halifai hata kama joto lisingekuwepo. Msimamizi alikigusa kishanga kwa ncha ya kidole. Siku ya nne alimletea jora zima la pamba mpya na oda ya mashati kumi na mawili ya majaribio.

Sasa linakuja kosa, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka liandikwe.

Pamba mpya hulowekwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa sababu ikiguswa na maji mara ya kwanza husinyaa. Fundi yeyote hufundishwa hilo mwezi wa kwanza wa kujifunza kazi. Lakini Fundi Kiberiti kwa miaka kumi na mmoja ameshona mashuka ambayo yameshafuliwa mara mia, yakasinyaa huko huko yalikotoka. Mkono wake ulikuwa umesahau kwamba kitambaa kinaweza kuwa hakijawahi kuona maji. Alilitandika jora mezani asubuhi, akakata, na mpaka Ijumaa mashati kumi na mawili yalikuwa yamekunjwa.

"Yalikuwa mazuri mpaka nikaogopa kuyatoa," anasema.

Yalivaliwa siku tatu, na hakuna aliyeanguka. Siku ya nne yakafuliwa kwa maji ya moto, kama kiwanda kinavyofua kila kitu. Yalipotoka, mikono ya mashati ilikuwa imepanda juu ya vifundo vya mkono na vifungo havikufika kwenye matundu yake. Mwoka mikate mmoja, mtu wa kilo zaidi ya mia, alilivaa lake kwa ukaidi, akapiga chafya, vifungo viwili vikaenda kwenye unga. Kiwanda kizima kilicheka. Mdogo mtu alicheka nao, akaenda chooni akalia.

Makoti ya buluu yakarudi siku hiyo hiyo. Stoo kuna mengine mapya sitini yanasubiri kugawiwa.

Msimamizi alimwita. "Kosa moja haliachi mke," alimwambia. "La pili sina methali yake." Akampa kipande cha jora kilichobaki, kinachotosha shati moja, na siku hizi chache.

Mashati yaliyosinyaa hayakutupwa. Yamerundikwa kwenye kona, na Fundi Kiberiti ameshafumua ubavu wa matano na kutia vipande vya shuka kuanzia kwapani mpaka kwenye upindo. Anasema ubavu wa shuka unapitisha hewa kuliko pamba mpya, na mdogo wake aliyelijaribu moja nyumbani anakubali. Msimamizi hajakubali. Kwake kiraka ni kiraka, na akikubali kimoja atakuja mtu na suruali yenye viraka. Kwanza anataka kuona shati moja lisilosinyaa.

Ndilo lililo kwenye kamba. Kitambaa chake kililowekwa mara mbili kwa maji ya moto kabla ya kukatwa. Shati lenyewe limefuliwa mara tatu. Vipimo vyake vimeandikwa kwa chaki ukutani, kwa sentimita: kifua mia na kumi na mbili, urefu sabini na sita, mkono sitini.

Saa nne na nusu linakauka. Fundi Kiberiti analiweka mezani, analinyoosha kwa viganja bila kulivuta, maana shati la kuvutwa hudanganya. Anapima kifua. Anapima tena. Anamwita mama mkwe apime, ingawa mama mkwe macho yake hayasomi tena namba ndogo.

"Mia na kumi na mbili," anasema mwenyewe. Kisha urefu. "Sabini na tano na nusu."

"Nusu imekwenda wapi?" mama mkwe anauliza.

"Sijui."

"Nusu si kitu, mwanangu."

"Na ile mara ya kwanza sikupima kabisa."

Fundi Kiberiti anaona tunamtazama. Anaanza kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa.

Mdogo wake anafika saa tano na robo, mwanamke mwembamba mwenye alama ya kuungua kwenye mkono wa kushoto. Analivaa shati, anafunga vifungo vyote, ananyanyua mikono juu kama anayetoa sinia kwenye tanuri la juu. Upindo hautoki kiunoni. Dada yake anamzunguka mara mbili.

"Inama. Nyanyuka. Piga chafya."

"Dada, chafya haiji kwa amri."

"Jaribu."

Anajaribu. Vifungo vinabaki mahali pake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo watu watatu wanacheka ndani ya chumba hicho.

Mlangoni mdogo mtu anageuka. "Leo nitarudi kwa miguu yangu. Usije kunipokea, usinitie aibu."

"Siji."

Anaondoka. Saa nane mchana joto ndani ya chumba ni la kumfanya mtu afikirie dhambi zake. Fundi Kiberiti anamalizia ubavu wa shati la sita, anaukosea, anaufumua. Saa tisa anamuuliza mama mkwe kama amesikia kelele upande wa kiwandani. Kiwanda kiko mbali, mwendo wa nusu saa. Yeye mwenyewe, kinyozi asiyejinyoa, amevaa sketi ya poliesta ya zamani kwa sababu tangu mwaka uanze hajapata siku ya kujishonea, na jasho linamchuruzika mpaka kwenye kanyagio.

Tunamuuliza Jumatatu anatarajia nini. Anajibu bila kuacha kukanyaga.

"Wakikubali, nataka kununua pipa kubwa la kulowekea, liwe hapo nje, na kamba tatu. Jora lolote likija, maji kwanza, mkasi baadaye. Halafu nimwombe msimamizi yale makoti sitini yasitoke stoo. Nitawashonea wote, hata wale wa kufungasha mikate, mashati ya jora na ya shuka." Anakata uzi kwa meno. "Wakikataa, mdogo wangu hataacha kazi. Ana watoto watatu. Ataendelea kwenda na lile koti, na mimi kila siku jioni nitakuwa hapa mlangoni nikihesabu watu wanaopita."

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni amesimama mlangoni. Barabara imejaa wanaotoka kazini. Anatazama kila sare ya buluu inayokuja, anaiacha, anatazama nyingine. Mama mkwe ameacha utani na kushikilia wembe bila kukata kitu.

Halafu shati jeupe linatokea kwenye kona, limejaa unga kifuani, linatembea lenyewe, haraka kidogo, kama mtu mwenye njaa.

Fundi Kiberiti hakimbii, maana aliahidi. Anasubiri mdogo wake afike mlangoni, kisha, kabla ya salamu, anaingiza mkono nyuma ya kola na kuushikilia mgongoni pake. Mkono unatoka mkavu, na unga kidogo kwenye vidole.

"Msimamizi amepita mara mbili," mdogo mtu anasema. "Mara ya pili amenishika mkono wa shati, akaondoka. Na wenzangu wameniuliza lao litakuwa tayari lini."

"Umewajibuje?"

"Nimesema muulizeni dada."

Fundi Kiberiti anafuta macho kwa upindo wa sketi isiyofyonza chochote.

"Vua," anasema. "Maji yameshachemka."