Santuri ya Kusifia Kupiga Wake

Leo mama mkwe wangu ameizima gramafoni ya mwanawe mbele ya wageni.

Mume wangu, Baba Masanja, alirudi jana kutoka machimbo ya dhahabu na hilo dude.
Leo mchana akawaita wanaume wa hapa Didia waje kulisikiliza. Mimi nipike.

Sawa, nikapika.

Santuri ya kwanza ilikuwa tamu, nisiseme uongo.
Ya pili, mwimbaji wa pwani anasema mke asipopigwa hapati akili.

Wakacheka hadi wakaegemeana.
Shija, mdogo wa mume wangu, akanigeukia. "Shemeji, umesikia? Hata watu wa pwani wanajua."
Mume wangu akairudia, eti niisikie vizuri.

Nilikuwa nimeshika chungu cha mlenda wa moto. Mnajua nilitaka kuumwaga wapi.

Hapo mama mkwe, ambaye tangu niolewe hajawahi kunitetea, akainuka na kuiondoa sindano kwenye santuri.
"Baba yenu alinivunja mkono huu mkiona kwa macho yenu," akawaambia wanawe. "Siku ile nani alicheka?"

Shija alitazama chini.

Mume wangu akaninong'oneza, "Mama Masanja, pakua chakula."
"Jipakulieni," nikamwambia.

Nikapakua cha mama na changu, tukala jikoni mlango wazi, wao wakitutazama.

Wenzangu, nyie mngewapakulia? Semeni.
Ila atakayeniletea habari za heshima ya mume, na yeye akajipakulie.